Baada ya Kuzimika: Namna Unix Ilivyojifunza Kutengeneza Mafaili Yake

Kuunda faili jipya huonekana kuwa tendo moja, lakini ndani ya diski ni matendo matatu au manne yanayofanyika sehemu tofauti. Kwanza kuna inodi, yaani rekodi fupi inayobeba ukubwa wa faili, mwenye nalo, ruhusa zake na orodha ya bloku zake. Kisha kuna jina, ambalo lazima liingizwe kwenye folda. Halafu bloku zitakazobeba maandishi yenyewe lazima ziondolewe kwenye hesabu ya bloku tupu. Diski haiwezi kuyakamilisha yote kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati, jambo ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa, zinabaki nusu habari: jina lisiloelekea kwenye faili lolote, faili lisilo na jina, au bloku moja inayodaiwa na mafaili mawili.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ni sawa na kiwanja kimoja kilichotolewa hati mbili: kila mwenye hati ana karatasi halali mkononi, na atakayeanza kujenga ndiye atakayebomoa msingi wa mwenzake. Mfumo ukiachwa uendelee na kazi juu ya kosa la namna hiyo, kila kinachoandikwa kinazidisha hasara. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo watu wa Unix walishika desturi moja: mashine ikianguka, isirudi kazini kabla ya kukaguliwa. Desturi hiyo iliishi kwanza kichwani mwa mafundi wachache, ikahamia kwenye programu, kisha ikahamia kwenye muundo wa diski wenyewe. Haikuhama yote, na sababu za kutohama yote ndizo zinazoifanya historia hii istahili kusimuliwa.

1969 hadi 1975: Ubao wa Murray Hill

Mwaka 1969 maabara za Bell zilijitoa kwenye mradi wa Multics, mfumo mkubwa na mzito uliokuwa ukijengwa pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Watafiti waliobaki bila mfumo wa kufanyia kazi pale Murray Hill, New Jersey, walianza kubuni wa kwao. Majira ya kiangazi ya mwaka huo Ken Thompson, Dennis Ritchie na Rudd Canaday walichora ubaoni muundo wa mfumo wa faili, na Thompson akauandika kwa ajili ya mashine ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi kubwa.

Uamuzi wao mmoja ndio uliotawala kila kilichofuata: walitenganisha jina na faili. Inodi haijui faili linaitwaje. Folda nayo ni orodha tu ya majina, kila jina likiwa na namba ya inodi pembeni yake. Kwa sababu hiyo faili moja linaweza kuwa na majina kadhaa, na inodi inatunza hesabu ya majina hayo ili faili lifutwe pale tu jina la mwisho linapoondolewa.

Utengano huu ulileta ugonjwa na dawa yake kwa wakati mmoja. Ugonjwa ni kwamba jina na inodi vinaweza kuachana. Dawa ni kwamba habari ileile inapatikana mahali pawili. Hesabu ya majina imeandikwa kwenye inodi, lakini mtu anaweza pia kupita folda zote na kuihesabu upya. Orodha ya bloku tupu imehifadhiwa, lakini mtu anaweza kupita inodi zote, akaona bloku zipi zina wenyewe, na zilizobaki zote ni tupu. Ukarabati wote wa mifumo ya faili, wa zamani na wa leo, unategemea marudio ya aina hii. Habari iliyoandikwa mahali pamoja tu ikiharibika, ni vigumu kwa programu yoyote kuligundua kosa, sembuse kuirudisha.

Multics ilikuwa na programu rasmi ya uokoaji iliyofanya kazi kila baada ya ajali, na sehemu kubwa ya msimbo wake ilihusu kushughulikia makosa. Unix ilikataa uzito huo kwa makusudi. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye Multics, amesimulia kwamba alipomweleza Ritchie ni kiasi gani cha msimbo wake kilihusu makosa, Ritchie alimjibu kwamba wao waliyaacha hayo yote. Kosa kubwa likitokea mashine inasimama, na mtu anapiga kelele ukumbini ili iwashwe upya. Jibu hilo lilifaa kwa watu waliokaa ukumbi mmoja na mashine yao, tena kwenye diski zilizobeba megabaiti chache.

Hata hivyo hawakuacha ukaguzi kabisa. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971, tayari kina amri iitwayo check. Kufikia toleo la sita la mwaka 1975 kazi hiyo ilikuwa imegawanywa. Amri ya icheck ilipita inodi na kulinganisha bloku zilizotumika na orodha ya bloku tupu. Dcheck ilipita folda na kulinganisha majina na hesabu iliyo kwenye inodi. Ncheck iligeuza namba ya inodi kuwa jina, ili fundi ajue ni faili gani linalozungumziwa. Clri ilifuta inodi moja kwa moja, bila kuuliza.

Mkarabati wa enzi hiyo ilimbidi ajue mpangilio wa diski kwa kina. Icheck ilimwambia tu kwamba bloku fulani ina wenyewe wawili. Ilikuwa juu yake kutafuta inodi zinazohusika, kupata majina yake, kunakili kinachookoleka, kufuta kinachotakiwa kufutwa, kisha kujenga upya orodha ya bloku tupu. Mpangilio wa hatua ulikuwa na uzito kuliko hatua zenyewe. Aliyefuta inodi kabla ya kuondoa jina lake kwenye folda aliacha jina linaloelekea pasipo na kitu, na siku inodi hiyo ilipopewa faili jingine, jina la zamani lilifungua faili la mtu mwingine.

Kulikuwa na mtego mwingine, na huu uliwapata hata waliojua. Superbloku, yaani bloku yenye maelezo makuu ya mfumo mzima wa faili, ilitunzwa pia kwenye kumbukumbu ya mashine na kuandikwa diskini mara kwa mara. Programu ndogo iitwayo update iliita sync, yaani amri ya kuandika diskini yaliyo kwenye kumbukumbu, kila baada ya sekunde 30. Fundi aliyetengeneza diski yenye mzizi wa mfumo huku mfumo ukiwa umewaka alirekebisha nakala ya diskini, lakini nakala mbovu ilibaki kwenye kumbukumbu, tayari kuandikwa juu ya kazi yake. Maelekezo yaliagiza kwamba ukimaliza kutengeneza mzizi, uzime mashine papo hapo na uiwashe upya, bila sync. Amri ambayo siku zote ililinda mafaili, na ambayo mafundi walizoea kuipiga mara tatu mfululizo kabla ya kuzima, hapa ilikuwa ndiyo ya kuyaangamiza.

Mwisho wa miaka ya 1970: Kowalski na awamu tano

Unix ilipotoka Murray Hill kwenda vyuo vikuu na ofisi nyingine za kampuni ya simu, haikuwezekana tena kila chumba cha kompyuta kuwa na mtu mwenye ujuzi wa Thompson. Waendeshaji wa zamu ya usiku hawakujua inodi ni nini, na hawakupaswa kujua. Ukarabati uliotegemea ujuzi wa mtu ukawa kikwazo cha kuenea kwa mfumo wenyewe.

Jibu lilitoka kwa T. J. Kowalski wa maabara za Bell, aliyeandika programu ya fsck na waraka wa kuieleza. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukagua mfumo wa faili. Fsck iliunganisha kazi za amri zile za zamani katika utaratibu mmoja wenye awamu tano, na utaratibu huo ndio mchango wake mkubwa kuliko msimbo wenyewe.

Awamu ya kwanza inapita inodi zote na kukagua bloku na ukubwa: namba za bloku zinazotoka nje ya mipaka ya diski, na bloku zenye wenyewe wawili. Madai ya namna hiyo yakipatikana, programu inarudia upitiaji ili kumjua mdai wa kwanza, kwa maana mara ya kwanza ilimwona wa pili tu. Awamu ya pili inaanzia kwenye mzizi na kushuka folda kwa folda, ikiondoa majina yanayoelekea kwenye inodi mbovu au zisizo na kitu. Ya tatu inatafuta folda ambazo hazifikiki kutoka kwenye mzizi. Ya nne inalinganisha hesabu za majina. Ya tano inakagua orodha ya bloku tupu na, ikibidi, inaijenga upya.

Mpangilio huo una mantiki ambayo haivunjiki. Huwezi kuliamini jina kabla ya kuiamini inodi, na huwezi kuhesabu majina kabla ya kuondoa yale ya uongo. Orodha ya bloku tupu inakuja mwisho kwa kuwa inatokana na kila kilichotangulia. Kosa likirekebishwa katika awamu moja, awamu inayofuata inasimama juu ya msingi uliokwisha kusafishwa.

Katika awamu ya tatu na ya nne ndipo lilipozaliwa jambo ambalo watumiaji wengi wa Linux wameliona hata kama hawajui asili yake: folda ya lost+found. Faili lenye inodi nzima lakini lisilo na jina halifutwi. Linawekwa humo na kupewa namba ya inodi yake kama jina. Zamani folda hiyo ilibidi iandaliwe mapema na kutengewa nafasi, kwa kuunda mafaili mengi matupu ndani yake kisha kuyafuta. Sababu yake ni ya busara: programu inayokagua diski mbovu isilazimike kuomba bloku mpya kutoka kwenye orodha ambayo bado haijaiamini.

Fsck iliuliza kabla ya kugusa chochote, na mwendeshaji akajibu ndiyo au hapana. Kwa mtu asiyejua maana ya swali, jibu lilikuwa ndiyo kila mara, na chaguo la -y liliwekwa ili programu ijijibu yenyewe. Hapo ujuzi ulikuwa umehama kweli. Pamoja nao ulihama uamuzi, na fsck ina lengo moja tu, kuufanya muundo wa diski usijipinge. Inaweza kufikia lengo hilo kwa kufuta faili la thamani, na ikatoa taarifa kwamba kazi imekamilika vizuri. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya diski ambayo fsck imeitangaza kuwa safi.

1983: Berkeley yabadilisha diski

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa kikisambaza Unix yake kwa mashine za VAX, na fsck ilionekana humo kuanzia 4BSD ya mwaka 1980. Diski zilikuwa zimekua, lakini mfumo wa faili ulikuwa bado ule wa Thompson, wenye bloku ndogo, inodi zote zikiwa mwanzoni mwa diski na superbloku moja. Superbloku hiyo ikiharibika, diski nzima ilipotea.

Marshall Kirk McKusick, Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry waliuandika upya, na kazi yao ikatoka na 4.2BSD mwaka 1983. Huwa inasifiwa kwa kasi yake, na ni kweli: mfumo wa zamani ulitumia asilimia chache tu ya uwezo wa diski, huu mpya ulifikia hadi asilimia 47. Kwa historia ya ukarabati, mambo mengine mawili yana uzito zaidi.

La kwanza ni kwamba diski iligawanywa katika makundi ya silinda, na kila kundi likapewa nakala ya superbloku. Nakala hizo zilipangwa kwa mshazari ili sahani moja ya diski ikikwaruzika isizichukue zote. Mwendeshaji aliyepoteza superbloku ya kwanza aliweza kuielekeza fsck kwenye nakala nyingine. Amri ya leo ya e2fsck -b 32768, ambayo imeokoa diski nyingi za Linux, ni mjukuu wa uamuzi huo.

La pili halionekani kwa macho, na kwangu mimi ndilo lililogeuza mwelekeo wa historia yote. Waandishi wa Berkeley waliamua utaratibu wa kuandika. Inodi mpya ilifika diskini kabla ya jina lake, na jina lilifutwa diskini kabla ya inodi kuachwa huru. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilisubiri kila hatua ikamilike. Kwa kufuata utaratibu huo, ajali ya kawaida iliacha aina chache tu za makosa, na zote zikawa na tiba isiyo na shaka. Fsck ikapewa njia ya -p, ya kurekebisha yale yasiyo na hatari bila kumuuliza mtu na kusimama pale tu inapokuta jambo lisilotarajiwa. Mkarabati sasa alijua aliyeandika alifuata sheria gani. Waraka wa fsck ulioboreshwa Berkeley unabeba majina ya McKusick na Kowalski pamoja.

Gharama yake ilikuwa kusubiri. Kufuta folda yenye mafaili mia kulimaanisha kuingoja diski mamia ya mara.

1987 hadi 2003: Daftari la mabadiliko

Urefu wa ukaguzi ulikuwa tatizo lililokua polepole. Fsck hupita diski nzima hata kama kosa ni moja, kwa hiyo muda wake hufuata ukubwa wa diski. Diski za megabaiti zilipogeuka gigabaiti, dakika zikawa nusu saa na kuendelea, na seva ya benki au ya kampuni ya simu haiwezi kufunga milango kwa muda huo kila umeme unapokatika.

Wajenzi wa hifadhidata walikuwa na jibu zamani. Kabla ya kubadilisha chochote, andika kwenye daftari kile unachokusudia kufanya. Ukianguka katikati, soma daftari, kamilisha yaliyoandikwa kikamilifu, na yasiyokamilika yaache. Mwaka 1987 Robert Hagmann wa Xerox PARC alieleza namna alivyoutia utaratibu huo kwenye mfumo wa faili wa Cedar. IBM ikautumia kwenye JFS ya AIX mwaka 1990, na Silicon Graphics kwenye XFS mwaka 1994. Kurudi kazini baada ya ajali kukawa suala la sekunde, kwa kuwa muda wake hufuata urefu wa daftari na ukubwa wa diski hauhusiki tena.

Imani ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwenye Linux amri ya fsck.xfs kwa kawaida haifanyi lolote, na ukurasa wake wa maelekezo unasema hivyo waziwazi. Lakini pembeni yake ipo xfs_repair. Daftari linalinda dhidi ya kuzimika katikati ya kazi. Halilindi dhidi ya sekta iliyokufa, waya uliolegea, kumbukumbu yenye kasoro au kosa ndani ya keneli yenyewe. Takataka iliyoandikwa kwa utaratibu mzuri inapita kwenye daftari na kufika diskini ikiwa imekamilika.

Watu wa BSD walishika njia nyingine. Gregory Ganger na Yale Patt walionyesha mwaka 1994 kwamba utaratibu wa Berkeley ungeweza kulindwa bila kuingoja diski. Keneli ikumbuke tu ni badiliko lipi linategemea lipi, na isiruhusu la pili kufika kabla ya la kwanza. McKusick na Ganger waliuleta mpango huo kwenye BSD mwishoni mwa muongo huo. Baada ya ajali, kosa pekee lililotarajiwa lilikuwa bloku na inodi zilizohesabiwa kuwa zinatumika ilhali ni huru. Hilo ni upotevu wa nafasi, na mfumo unaweza kufanya kazi juu yake bila hatari. FreeBSD 5.0 ya Januari 2003 ikawasha mashine mara moja na kuiacha fsck ikifanya kazi nyuma ya pazia, ikikagua picha ya diski iliyogandishwa huku watumiaji wakiendelea. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, ingawa baadaye FreeBSD nayo iliongeza daftari dogo juu yake ili kuondoa hata ukaguzi huo, katika toleo la 9.0 la mwaka 2012.

1993 hadi 2009: Linux na watu wake

Linux ilianza na mfumo wa faili wa Minix, uliokomea megabaiti 64 na majina ya herufi 14. Rémy Card aliandika ext mwaka 1992, na ext2 ikafuata mwaka 1993. Ext2 iliuacha utaratibu wa kungoja wa Berkeley. Iliandika kwa kasi, kwa mpangilio wowote uliofaa, ikauachia ukaguzi mzigo wa kurekebisha. Mkarabati akabeba jukumu zito kuliko alilowahi kubeba kwenye BSD, na ilibidi awe bora.

Akawa bora. Theodore Ts'o aliandika e2fsck, na ukiitazama ikifanya kazi unaona awamu tano zilezile za Kowalski kwa mpangilio uleule. Kilichobadilika ni werevu wa usomaji. Awamu ya kwanza inakusanya karibu kila kinachohitajika kutoka kwenye inodi, na bloku za folda zinapangwa kwa namba ili kichwa cha diski kisirukeruke. Ext2 ilitunza pia alama ya kuonyesha kama ilizimwa vizuri, pamoja na hesabu ya mara ilizopachikwa, na ukaguzi kamili ulilazimishwa hesabu hiyo ilipofika kikomo. Walioendesha seva za Linux miaka hiyo wanakumbuka kungoja huko, mara nyingi asubuhi ya siku yenye kazi nyingi.

Stephen Tweedie alieleza mpango wa kuipa ext2 daftari mwaka 1998, na ext3 ikaingia kwenye keneli 2.4.15 Novemba 2001. Diski ya ext2 iligeuzwa kuwa ext3 kwa amri moja, bila kufutwa, na e2fsck iliendelea kuielewa. ReiserFS ilikuwa imeitangulia kuingia mapema mwaka huohuo, ikiwa na muundo wa mti uliopendwa kwa mafaili madogo mengi. Ila ukarabati wake ulikuwa na kasoro ya kutisha. Programu yake, ikiagizwa kuujenga mti upya, ilipita diski nzima ikitafuta chochote kinachofanana na vipande vya mti. Aliyekuwa ametunza ndani ya diski hiyo faili lenye nakala ya mfumo mwingine wa ReiserFS aliweza kukuta mafaili ya mfumo ule yamechanganywa na yake. Katika ext2 inodi zinakaa mahali panapojulikana mapema, na mkarabati hana haja ya kubahatisha. Urahisi uliodharauliwa kama wa kizamani ulikuwa ndio unaomsaidia siku ya msiba.

Ext4 ilipotangazwa imara katika keneli 2.6.28, Desemba 2008, kukatokea ubishi uliofundisha wengi. Mfumo huo huchelewesha kuchagua bloku ili uandike kwa mpangilio mzuri zaidi. Mwanzoni mwa 2009 watu ambao mashine zao zilianguka walikuta mafaili yao ya mipangilio yapo, yana majina, lakini yana baiti sifuri. E2fsck haikuona kosa, na ilikuwa sahihi, kwa kuwa muundo haukuwa na dosari. Ts'o alieleza kwamba programu inayotaka uhakika lazima iite fsync, yaani iagize data yake ifikishwe diskini, lakini pia aliongeza kwenye keneli njia za kuzilinda programu zilizoandika faili jipya na kulibadilisha jina juu ya la zamani. Naona alifanya vyema kufanya yote mawili.

2004 na kuendelea: Diski isiyoaminika

Hadi hapo wote walidhani kwamba diski ama inatoa kilichoandikwa au inakiri kushindwa. Utafiti ukaitikisa dhana hiyo, pamoja na imani kwa msimbo wa mifumo ya faili yenyewe. Mwaka 2004 Junfeng Yang, Dawson Engler na wenzao wa Stanford waliitumia mashine kupitia hali nyingi ambazo ext3, JFS na ReiserFS zingeweza kuangukia. Walikuta makosa makubwa 32, yakiwemo yaliyoweza kuangamiza hata folda ya mzizi. Mwaka uliofuata watafiti wa Wisconsin walionyesha kwamba mifumo mingi ya faili hupuuza makosa yanayoripotiwa na diski au huyashughulikia kila pahala kwa namna yake. Mwaka 2008 Haryadi Gunawi na wenzake waligeuza darubini kwa mkarabati mwenyewe, wakaonyesha kwamba e2fsck nayo, katika hali fulani, inaweza kuharibu zaidi. Tangu hapo ushauri wa kunakili diski nzima kabla ya kuigusa, na kuikagua kwanza kwa -n isiyoandika chochote, ulikuwa na ushahidi nyuma yake.

Kampuni ya Sun ilikuwa imeanza kazi ya jibu kali zaidi mwaka 2001. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walijenga ZFS, na msimbo wake ukaingia Solaris tarehe 31 Oktoba 2005. ZFS haiandiki kamwe juu ya bloku inayotumika. Kila badiliko linaandikwa mahali papya, kutoka chini ya mti hadi juu, na tendo la mwisho ni kubadili bloku ya kileleni. Umeme ukikatika kabla ya tendo hilo, mti wa zamani upo mzima. Pia kila kiungo kinabeba cheksamu, yaani namba ya kuhakikishia, ya bloku inayoelekezwa, kwa hiyo diski inayorudisha takataka inanaswa, na kama kuna nakala ya pili, iliyo nzima inatumika kuirekebisha mbovu. Wajenzi wake walitangaza kwamba hakuna fsck na haitahitajika. Chris Mason alianza Btrfs kwa mawazo ya karibu na hayo mwaka 2007, nayo ikaingia kwenye Linux mwaka 2009.

Lakini baadhi ya diski za bei nafuu zilidai kwamba zimeandika ilhali data ilikuwa bado kwenye kumbukumbu yao ya ndani. Kwenye vifaa hivyo bloku ya kileleni iliweza kufika kabla ya mti ulio chini yake, na ZFS ikakataa kufunguka kabisa. Mwaka 2009 iliongezwa njia ya kurudi nyuma hatua chache, zpool import -F, ikitupa sekunde za mwisho ili kuokoa vingine vyote. Btrfs nayo ina amri ya ukarabati, na maelekezo yake yanamwonya mtumiaji asiiguse bila ushauri wa anayeijua. Mkarabati aliyetangazwa kuwa hahitajiki alirudi katika nyumba zote mbili.

Njia inayonipa matumaini zaidi kwa sasa imetoka XFS, ile iliyoanza na fsck isiyofanya kitu. Mwaka 2016 ilianza kuongezewa mti wa pili unaoandika, kwa kila bloku, mwenye nayo ni nani. Ni marudio mapya, yaliyoongezwa kwa hiari na kwa gharama ya nafasi na muda, ili mkarabati awe na kitu cha kulinganishia. Juu ya msingi huo Darrick Wong alijenga ukaguzi na ukarabati unaofanyika mfumo ukiwa kazini. Muundo uliokutwa na kasoro haurekebishwi pale ulipo. Mpya unajengwa pembeni kutokana na kumbukumbu nyingine zilizo nzima, ukikamilika unabadilishwa kwa mara moja, na bloku za ule wa zamani zinaachwa huru. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikamilika katika keneli za mwaka 2024. Diski iliyoharibika kiasi cha kutopachikika bado inarudishwa kwa xfs_repair, ikiwa imeshushwa, na watumiaji wakingoja.